Dari ya Mwalimu Rebeka Ilipoanguka Siku ya Sabato

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee. Mwalimu anastaafu, polisi anastaafu, hata fahali wa kijiji siku moja huambiwa imetosha. Kwa nini mimi fundi wa dari za magari nisistaafu? Miaka kumi na miwili nimelala chali ndani ya magari ya watu nikitazama juu. Nimetazama dari nyingi kuliko mgonjwa wa wodini. Sasa kifua kimesema basi, daktari amesema basi, na mtoto wangu wa pili ananyonya na hataki kusikia harufu ya gundi. Basi.

Naandika haya kwa sababu nina hasira. Wiki jana nilipita pale Nyakoe nikawaona nyinyi vijana mnabandika kitambaa kipya juu ya sponji iliyooza. Mchana kweupe! Mmoja wenu amevaa miwani ya jua kabisa, anabandika uongo huku anapiga mluzi. Nilitaka kushuka kwenye pikipiki nimchape, lakini nilikuwa na mtoto mgongoni, na mtu mwenye mtoto mgongoni hachapi vizuri. Kwa hivyo kaeni chini, niwachape kwa kalamu.

Dari ya gari kuukuu haianguki kwa uchawi. Kule juu kuna bodi. Chini ya bodi kuna kitambaa, na nyuma ya kitambaa kuna sponji nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo. Gundi inashika sponji, sponji inashika kitambaa. Miaka ikienda, jua likipiga bati la juu, sponji inaoza inakuwa unga wa njano. Siku hiyo kitambaa hakina tena cha kushika. Kinateremka polepole, kinakugusa nywele, mwishowe unaendesha gari kama mtu aliyefunikwa chandarua. Sasa wewe fundi ukipaka gundi juu ya ule unga, umegundisha nini? Umegundisha unga kwa unga. Hongera.

Nimeona mengi. Kuna bwana mmoja aliniletea gari lenye pini darini, zile za kushikia nguo, nyingi hata ukitazama juu unaona nyota. Kila shimo la barabarani zilimnyeshea kichwani. Mwingine, mfugaji wa kule Nyaramba, aliona yeye ni mjanja kuliko sisi wote. Alichukua bomba la sindano la ng'ombe, akalijaza gundi, akaidunga dari yake sindano mahali thelathini. Madoa yalitokea kama ya godoro la mtoto anayekojoa. Nikamuuliza, "Na ng'ombe?" Akasema, "Ng'ombe nilimdunga kwa bomba lile lile, hajambo." Nilicheka nikakaa chini kwenye mafuta machafu na sketi mpya.

Lakini msidhani mimi nilizaliwa najua. Dari ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilianguka. Haikuanguka hivi hivi tu. Ilianguka juu ya akina mama watatu wa kanisa, siku ya Sabato, ndani ya gari la mwalimu mkuu wangu. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne mkononi, na Faith wangu wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Baba yake alikuwa ameenda kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Kila mlango niliobisha waliangalia mtoto kabla ya kuangalia cheti. Aliyenifungulia ni Tata Ombati, fundi wa viti vya magari pale Nyakoe. Sote tulimwita Tata, yaani baba, hata wateja waliomzidi umri. Alikuwa Msabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likigusa kilima, anaweka nyundo chini hata kama msumari umeingia nusu. Nimeuona huo msumari, na ulikaa hivyo mpaka Jumapili asubuhi. Mimi ni Mkatoliki, kwa hivyo yeye alipumzika Jumamosi, mimi nikataka kupumzika Jumapili, na wateja walidhani karakana yetu ina sikukuu mbili kila wiki.

Miezi minane nilifagia, nilishona viti, nilikata sponji. Dari hakuniachia. Alisema dari ni ya mtu mwenye subira, na mimi nilikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo. Nikamsumbua. Nilimsumbua asubuhi, nikamsumbua mchana, nikamsumbua akila. Mwishowe akachoka.

"Mama Faith," akasema, "gari linalofuata ni lako. Dari ikishika, kazi ya dari yote hapa ni yako. Isiposhika, rudi nyumbani ulee mtoto, usinisumbue tena."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Gari lililofuata likaingia Ijumaa saa sita mchana, gari dogo jeupe la Kijapani, na kutoka ndani akashuka Mwalimu Rebeka.

Mwalimu Rebeka alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya sekondari, sasa amestaafu, analima chai na ndizi kule Manga. Ni mtu wa kofia. Kofia zake za kanisa ni ndefu, na dari ilikuwa imelegea hadi kuzikalia. Alikuwa ameikinga kwa mwiko wa ugali, ameusimamisha katikati ya viti viwili vya mbele kama nguzo ya nyumba.

"Tata Ombati, naitaka kabla ya jua kuzama," akasema. "Kesho nabeba akina mama watatu wazee kwenda kanisani. Na nani atafanya?"

Tata akaninyooshea kidevu.

Mwalimu akanitazama kuanzia viatu. "Huyu? Huyu nilimfundisha. Huyu kazi ya nyumbani alikuwa anafanyia kwenye mstari wa gwaride."

"Lakini nilikuwa namaliza, Mwalimu," nikasema.

"Ulikuwa unamaliza. Sikusema ulikuwa unapata."

Basi nikaanza kazi na moto kichwani. Sikilizeni utaratibu wenyewe, kwa maana huu nilifanya sawa. Unatoa taa ya ndani. Unatoa vishikio vya mkono na vile vibao vya kukinga jua. Unavuta mipira ya milango. Unaishusha bodi taratibu na kuitoa kwa mlango wa nyuma, watu wawili, kwa sababu bodi kuukuu inavunjika kama biskuti. Unaivua kitambaa, inabaki njano, na hapo ndipo kazi ilipo. Unakwangua. Brashi ngumu, mkono mmoja, njia moja, mpaka vumbi liishe na bodi ionekane. Na funika pua! Mimi hakuna aliyeniambia nifunike pua, ndiyo maana leo nimestaafu. Nyinyi nimewaambia.

Nikakwangua mbele. Nikakwangua katikati. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Tata ameshaanza kunawa mikono kwa mafuta ya taa, anaimba nyimbo za kufungua Sabato kwa sauti ya chini. Mwalimu anatembea mlangoni, anatazama saa, anatazama kilima cha Manga, anatazama saa. Imebaki sehemu ya nyuma, pale juu ya vichwa vya abiria. Upana wake kama ubao mdogo wa darasa. Nikajiambia, hapa kwetu ni baridi. Hapa mvua inanyesha kila alasiri. Nani amewahi kuona jua la kuyeyusha gundi Kisii? Nikapuliza vumbi kwa mdomo, nikapaka gundi juu ya njano, nikalaza kitambaa.

Kwa macho ilikuwa safi. Laini kama shavu la mtoto. Tulirudisha bodi, taa, vibao, mipira. Tata akapitisha kiganja mbele, akapitisha katikati, jua likagusa kilima, akarudisha kiganja mfukoni. Nyuma hakugusa. Mwalimu akauchukua mwiko wake, akaondoka.

Jumamosi nikaamka na jua. Jua gani lile! Sisi ni watu wa mvua, jua la namna hiyo tunalisikia tu kwa jamaa zetu wa kando ya ziwa. Kufikia saa sita kuku walikuwa wamelala chini ya ghala na midomo wazi. Nikaanza kuliona lile gari akilini: limesimama nje ya kanisa, vioo vimefungwa, tangu ibada ya asubuhi, kwa sababu Wasabato hawaendi kanisani kupita, wanaenda kukaa. Nikapiga simu ya Mwalimu. Imezimwa. Bila shaka imezimwa, yuko kanisani! Nikafunga Faith mgongoni, nikatia kopo dogo la gundi mfukoni, nikapanda pikipiki hadi kanisani kwao Manga nikimwambia dereva aharakishe, yeye akidhani nampeleka mtoto hospitali.

Nilifika watu wamemaliza chakula cha mchana, wanatawanyika. Mwalimu amefungua milango, akina mama watatu wameshaingia nyuma, wamekaa wima, kofia tatu kubwa. Mlango ukafungwa. Pap. Huo mshindo mdogo tu ulitosha. Nikaona kwa kioo cha nyuma kitambaa kikishuka polepole, kwa heshima, kama pazia la jukwaa, kikazifunika kofia zote tatu. Pamoja na unga wa njano. Na wale wamama walikuwa wanaimba, wakaendelea kuimba chini yake ubeti mzima kabla ya mmoja kusema, "Kwani giza limeingia?"

Ningeweza kukimbia. Nilifikiria kukimbia. Nikaenda.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba dakika ishirini tu. Gundi ninayo hapa mfukoni."

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Ya nani?"

"Ya... Sabato, Mwalimu."

"Rudisha gundi mfukoni."

Kutoka chini ya kitambaa sauti ikasema, "Lakini Mwalimu, ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, si anatolewa?" Huyo alikuwa Mong'ina Kerubo, yaani Bibi Kerubo, mwenye sauti ya kuitia watu wa kilima cha pili.

"Dari si ng'ombe," Mwalimu akasema.

"Lakini imeanguka!"

"Ng'ombe angekufa. Dari itakufa?"

"Mimi ndiye nitakufa! Hii vumbi imeingia mpaka kwa meno."

Wakabishana. Nawaambia walibishana kwa dhati kabisa, bila kutoka chini ya kile kitambaa, mimi nimesimama kwenye jua na mtoto anavuta nywele zangu. Gundi ni kazi, hapana. Pini ni kushona, na kushona ni kazi, hapana. Mwisho yule mama wa katikati, mpole, ambaye alikuwa hajasema neno, akasema, "Kushika kwa mkono si kazi. Kushika ni kushika tu."

Ikapita. Mwalimu akafungua mlango, akaniita kwa jina langu. "Bosibori, ingia. Dari ni yako, ishike."

Kwa hivyo tuliteremka kile kilima wanne kiti cha nyuma, mikono juu. Faith tulimweka mapajani mwa Mong'ina Kerubo, kwa kuwa mapaja yake yalikuwa na nafasi ya watoto watatu. Kitambaa kilizidi kubanduka kuelekea mbele, tukazidi kunyoosha mikono. Wamama wale wamechuma chai maisha yao yote, hawakuchoka mikono hata kidogo, mimi nilikuwa nashusha mmoja nainua mwingine. Kila tukiingia shimo, Kerubo alipiga kelele, "Juu, wamama, juu!" na sote tukasukuma. Wakaanza tena kuimba. Wanaume waliokaa nje ya duka walituona: gari limefungwa vioo, wanawake wamefumba macho kwa sababu ya vumbi, mikono imeinuliwa, wanaimba, machozi yanatoka. Mmoja alivua kofia. Mwingine akainua mikono yake pia akatujibu, "Amina!"

Hapo Kerubo akaanza kucheka. Kicheko kikamshika mama mpole, kikanishika mimi, dari ikashuka ikatufunika wote, Faith akapiga chafya ya njano, na Mwalimu Rebeka akasimamisha gari kando ya barabara kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatikisika na hakutaka tuone uso wake.

Tulipofika kwake na wamama wameshateremka, uso ulikuwa umerudi mahali pake.

"Ni wapi hukukwangua?"

Sikujua kwamba anajua. "Nyuma, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Jua lilikuwa linazama."

"Si ungesema haijaisha?"

"Ningesema haijaisha, Tata angesema siwezi. Ameniambia isiposhika nirudi nyumbani."

Akakung'uta kofia yake, njano ikaruka. "Kesho saa mbili nitaleta gari. Wewe ndiye utakayemwambia Ombati. Mimi sitasema kitu."

Usiku ule sikulala, nilikasirika tu. Nilimkasirikia Tata, jua, Sabato, baba ya Faith, yule aliyevumbua sponji. Kulipokucha wote walikuwa wameisha, nimebaki mimi. Jumapili nikafika karakana kabla ya Tata. Misa nilikosa.

"Tata, dari ya Mwalimu imeanguka. Nyuma sikukwangua. Nilipaka juu ya unga."

Alikuwa anafungua kufuli. Hakugeuka. "Nilisema nini?"

"Ulisema nirudi nyumbani."

"Basi?"

"Basi nimekataa."

Akageuka. "Umekataa?"

"Nimekataa, Tata. Kwanza naitoa hii dari. Nikimaliza utanifukuza vizuri."

Gari la Mwalimu lilikuwa linaingia. Tata akamwendea kama mtu anayeripoti wizi. "Mwalimu, huyu mtoto amekataa kwenda nyumbani."

"Pole," Mwalimu akasema. "Hata mimi nilimwambia akajifungue, akae nyumbani mwaka mzima. Akarudi baada ya wiki sita, kitambaa kifuani kwa sababu ya maziwa, akakaa dawati la mbele. Nilimtoa mara mbili. Mara ya tatu nilichoka." Akavuta kigoda, akakaa. "Leta mtoto hapa, ufanye kazi."

Nilikwangua. Nilikwangua mbele palipokuwa tayari, nikakwangua nyuma, nikakwangua pembe ambazo hakuna mtu ataziona mpaka gari life. Nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikaangalia kitambaa, nikapangusa tena mpaka kikatoka bila hata chembe ya njano. Nikapaka gundi pande zote mbili. Hapa ndipo wengi mnaharibu: mnabandika ikiwa mbichi. Ngoja. Gusa kwa mgongo wa kidole, ikikuvuta bado, isipokuvuta sasa. Laza kitambaa katikati kwanza, sukuma kwa kiganja kuelekea pembeni, usivute, ukivuta kitalipiza kisasi. Tata na Mwalimu walikuwa wananitazama kama wasimamizi wa mtihani, hata Faith.

Saa saba gari limekamilika. Tata akasema, "Weka juani. Funga vioo."

Tukaliweka. Tukakaa kwenye benchi watatu na mtoto, tukalitazama gari. Saa nane wingu jeusi likatokea juu ya Manga. Mvua ikija kabla ya jua kulipika gari, hatutajua kitu. Mwalimu Rebeka, mwenye ekari mbili za chai na ndizi zinazolilia maji, akaliangalia wingu na kulikataza kwa ukali kwa lugha ya nyumbani, "Yaya! Hapana, si sasa." Nawaapia lilisimama. Kila baada ya dakika chache nilitaka kwenda kuchungulia, Tata akinivuta nguo nikae.

Saa tisa Tata akainuka. Akafungua mlango wa nyuma, joto likatoka kama tanuri. Akaingia, akajifungia, akalala chali kwenye kiti. Tukasubiri. Tukaona kidole gumba kikibonyeza pembe moja. Kikapotea. Kikabonyeza nyingine. Kisha hakuna kitu, muda mrefu, mpaka Mwalimu akaniuliza polepole, "Amekufa?"

Akatoka amelowa jasho, shati limemshika mgongoni.

"Kuna kasoro?" Mwalimu akauliza.

"Kuna joto," Tata akasema. Akajipangusa uso, akanitazama mimi. "Kesho inakuja pikapu ya yule muuza maziwa. Dari imemziba macho, juzi karibu aingie mtaroni. Mimi nina viti vya kushona. Usinisubiri, anza."

Nikasema, "Sawa, Tata," kwa sauti ya mtu mzima mwenye shughuli nyingi. Kisha nikamchukua Faith, nikazunguka nyuma ya karakana pasipo na mtu, nikarukaruka naye juu juu kama mbuzi aliyekatika kamba, mpaka akacheka akatapika maziwa yote begani mwangu, na mvua ya Manga ikatukuta papo hapo.